Ruhusa ya Siku Kumi

Mama yangu, Mwalimu Skolastika, alifundisha shule ya msingi huko Mpanda kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akikaa kwenye kiti mpaka chai yake ikaisha. Alikunywa nusu, akainuka kwenda kuangalia kitu. Akirudi imepoa, anaimwaga, anamimina nyingine. Baba alikuwa akisema chai ya mama yenu huwa inamalizwa na nzi. Akisahihisha madaftari alisimama kila baada ya matano kwenda kuangalia maharage jikoni, wakati mimi mwenyewe nimekaa mbele ya hayo maharage nikiyaangalia.

Jambo moja tu ndilo lililomtuliza, nalo ni daftari la mahudhurio. Alipenda kuona alama zimejipanga bila pengo. Mwaka 1975 aliposhauri kwenye kikao cha wazazi kwamba mzazi atakayemtoa mtoto shuleni kwa safari zake binafsi aje alime matuta sita kwenye shamba la shule kwa kila mtoto, wazee wa mtaa wetu wa Nsemulwa walicheka wakidhani anatania. Hawakucheka muda mrefu. Wa kwanza kulima alikuwa Mama Minza, jirani yetu, Msukuma mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyekuwa amempeleka Minza Kahama kwenye harusi ya mjomba wake. Alilima matuta sita huku darasa zima la nne likimchungulia dirishani. Alipomaliza alimwambia mama, "Mwalimu, omba Mungu usiwe na harusi."

Harusi hatukuwa nayo. Tulikuwa na bibi.

Bibi mzaa mama aliishi Karema, huko ziwani, na mama alikuwa hajarudi kwao tangu aondoke na mimi mgongoni, nikiwa sijatimiza mwaka. Msije mkadhani hakutaka. Likizo ya Desemba ilikuja na mvua, na mvua zikianza, barabara ya Karema inageuka tope tupu, malori yanalala porini wiki nzima. Likizo ya Juni barabara ilikuwa kavu, lakini Juni ndiyo walimu walipaswa kusimamia uvunaji wa mahindi ya shule, na mama hakuwa mtu wa kuacha mahindi ya shule mikononi mwa wengine. Hivyo kila mwaka safari ilisogezwa mbele. Nikakua, akazaliwa mdogo wangu Kalisti, akazaliwa Immaculata, na Bibi akawa mtu wa kwenye barua.

Mwezi wa nane mwaka 1976 ilikuja barua iliyoandikwa na katekista kwa niaba yake. Jicho la kushoto limekwisha kwenda. La kulia linafuata, na Sista wa zahanati hakumficha, amemwambia kabla ya mwaka kwisha atakuwa gizani. Hakuna dawa. Mwisho Bibi alimwandikisha katekista maneno haya: *Sikuombi kitu. Niletee watoto niwaone wakati naona.*

Mama alisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya redio, akaitoa, akaisoma tena.

Sasa tazameni balaa. Shule ilikuwa imefunguliwa. Kalisti alikuwa darasa la nne na Immaculata la kwanza, na mimi Katarina nilikuwa la saba, mtihani uko mwisho wa Oktoba. Kwenye shule yetu mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa mtoto mmoja tu kwenda sekondari, na kila mtu alisema mwaka huu nitakuwa mimi. Mama alikuwa akinifundisha hesabu za ziada kila jioni, na kwa hasira aliyokuwa nayo nikikosea, ungedhani mtihani ni wake.

Kwa wiki mbili nyumba yetu haikukalika. Asubuhi alituambia tunakwenda wote. Mchana amebadili, anakwenda peke yake. Jioni haendi mtu, tutasubiri. Alishusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, akapanga nguo, akazitoa, akazikunja upya. Alimwuliza Kalisti kama anataka kumwona Bibi, Kalisti aliposema ndiyo akamkaripia kwamba mawazo yake yako kwenye safari badala ya masomo. Usiku nilimsikia akimwita Mungu na katika sentensi hiyohiyo akihesabu siku za lori. Nasema kweli, nilichoka naye. Nilifikia mahali nikatamani aseme hapana moja kubwa, tukae.

Baba, Melkior, alikuwa dereva wa greda, mtu wa kulala kambini wiki tatu akitengeneza barabara. Aliporudi alimkuta mama ana kalenda mkononi.

"Barabara ikoje?" mama akauliza hata kabla ya salamu.

"Inapitika. Mpaka mvua za kwanza."

"Na mvua za kwanza lini?"

"Mama Katarina, mimi nasawazisha barabara. Mvua siisawazishi."

"Jibu vizuri basi."

Baba akavua viatu taratibu. "Wachukue watoto wote watatu, mwende sasa. Siku kumi za shule hazimuui mtu."

"Huyu ana mtihani."

"Mtihani una macho?" baba akasema. "Mama yako ndiye mwenye macho, na yanakwisha."

Mama alinyanyua ufagio. Alitoka nje akaanza kufagia uwanja uliokuwa umekwisha kufagiliwa.

Kesho yake aliniita chumbani, akafunga mlango. Nilijua kuna jambo, kwa sababu mlango ule haukuwa ukifungwa mchana. Akaniambia amepata suluhisho. Atawachukua Kalisti na Immaculata, mimi nitabaki nisome. Mtihani ukiisha mwisho wa Oktoba, tutapanda lori Jumamosi ileile, mimi na yeye tu, kabla ya mvua.

"Na Bibi kasema watoto wote," nikasema.

"Wewe alishakuona, mwanangu. Hawa wawili hajawaona kabisa."

"Aliniona nikiwa mchanga."

"Kukuona ni kukuona," mama akasema, na akanigeuzia mgongo akaanza kukunja nguo za Immaculata.

Sikulia mbele yake. Nilikuwa na miaka kumi na nne na nilijiona mkubwa. Lakini niliona wivu mkali, wa kutaka mtihani uungue moto pamoja na karatasi zake.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Enoka, alimpa ruhusa ya siku kumi bila maneno mengi. Alimwuliza tu, "Na watoto, Mwalimu, niwaandike wanaumwa?" Mama akasema waandikwe watoro. Mwalimu Enoka akadhani hajasikia vizuri. Mama akarudia: watoro. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake, na hata leo sijui kama nimsifu au nimcheke.

Waliondoka kutoka Majengo, kunakoanzia malori, na lori la mfanyabiashara aliyekuwa akifuata dagaa Karema. Immaculata aliketishwa juu ya magunia, amevaa gauni lake la njano la Pasaka, ananipungia mkono kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Baba alikuwa amerudi kambini, kwa hiyo nililala kwa Mama Minza. Mama Minza hakunisema hata neno moja kuhusu yale matuta yake. Alinipikia ugali na mlenda, akawafukuza watoto wake mezani ili nipate mahali pa kufanyia hesabu, na kila nilipoinua kichwa akaniambia, "Inama, soma. Umeachwa kwa ajili hiyo."

Nilisoma. Nilikosea hata hesabu nilizozijua.

Walirudi siku ya kumi, wamejaa vumbi, na furaha yao ilinichoma. Bibi alikuwa amewaweka mlangoni penye mwanga, mmoja mmoja, akawaangalia kwa lile jicho moja kuanzia nywele mpaka kucha. Alimwambia Kalisti ana masikio ya babu yake. Alicheka pengo la Immaculata, jino la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ileile. Walinisimulia haya mara tatu, kila mtu akimkatiza mwenzake. Mama alikuwa akifungua mizigo, anaingia, anatoka.

"Aliniulizia?" nikamwuliza.

"Aliuliza Katarina yuko wapi. Nikamwambia una mtihani." Akaingia na mzigo mmoja, akatoka. "Akaniuliza mtihani ni wa siku ngapi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia siku mbili."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Mama Minza alikuwa amesimama shambani na jembe begani. Alimkabidhi mama kwa heshima zote. "Karibu, Mwalimu. Kumi na mawili, kama hujasahau kujumlisha."

Mama alilima matuta kumi na mawili, siku mbili mfululizo, baada ya masomo. Wazazi walikuja kutazama, wengine na viti vyao. Mtu mmoja alitaka kumsaidia, Mama Minza akamzuia, akasema yeye alilima peke yake. Mimi nilitazama dirishani pamoja na wenzangu, na nilikuwa nimehesabu. Kwa Kalisti sita, kwa Immaculata sita. Kwa ajili yangu hakulima hata tuta moja, maana sheria yake haikuwa na adhabu ya kumwacha mtoto shuleni.

Mtihani ulifika. Siku ya kwanza, Jumatano, tulikuwa katikati ya karatasi ya hesabu mvua ilipopiga bati. Haikuwa manyunyu ya kupoza vumbi. Ilikuwa mvua yenyewe, mapema kuliko watu walivyoizoea, na msimamizi alilazimika kupaza sauti kutuambia muda uliobaki. Niliangalia nje nikamwona mama amesimama kwenye veranda ya darasa la pili, ameliacha darasa lake, anaangalia juu. Jumamosi tulikwenda Majengo na sanduku letu la bati. Lori lilikuwa limetoka Ijumaa likarudia njiani. Kivuko cha mto kilikuwa kimebebwa na maji. Dereva akatuambia tusubiri. Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mvua haikutupa nafasi. Mama akazungumzia kwenda kwa miguu, na baba, mtu asiyepandisha sauti, siku hiyo alipandisha.

Matokeo yalitoka. Nilichaguliwa, tena nilikuwa wa kwanza, sekondari ya wasichana Tabora. Shule nzima iliimba. Mama alinikumbatia kwa nguvu hadi nikaumia, kisha akaenda kusimama kwenye kalenda. Januari nilipanda treni na godoro langu, naye akakimbia pembeni ya behewa akiniambia mambo aliyokwisha kuniambia nyumbani.

Juni mwaka 1977 nilirudi likizo. Mahindi ya shule yalikuwa yamekauka shambani yanasubiri kuvunwa. Mama alimpa Mwalimu Enoka funguo za ghala, hakuomba ruhusa, na kesho yake sisi sote wanne tulikuwa juu ya lori.

Tulimkuta Bibi amekaa mkekani nje ya nyumba, anachambua maharage kwa vidole. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea ziwani, na hayakugeuka tulipofika. Kichwa ndicho kilichogeuka. Immaculata alimwangukia miguuni.

"We mwenye pengo," Bibi akasema akicheka. "Njoo hapa."

"Jino limeota, Bibi."

"Kwangu halijaota. Na Kalisti, masikio yale yapo? Njoo niyavute."

Akawavuta wote wawili, akawaambia wamerefuka, akawauliza kama gauni la njano bado linamtosha Immaculata. Aliwajua. Mama alinishika bega akanisukuma mbele. Nikapiga magoti.

Bibi alinishika uso. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la maharage. Vilipita kwenye paji la uso, nyusi, pua, vikarudi kwenye mashavu, vikashuka kidevuni, vikapanda tena taratibu, na kila vilipopita niliona vinatafuta kitu na havikipati. Mwishowe akaviondoa, akaviweka mapajani.

"Ni Katarina, mama," mama akasema. "Ndiye huyu. Alikuwa wa kwanza shule nzima. Yuko Tabora sasa, sekondari. Ule mtihani, mama, alifaulu kuliko wote."

"Nimesikia," Bibi akasema. "Katekista alinisomea. Umefanya vizuri, Skolastika. Wala sikulaumu."

"Ni mvua, mama. Tulikuwa tunakuja."

"Najua mvua." Akasukuma maharage kando. "Lakini Katarina ninayemwona mimi yuko mgongoni kwako, ana mashavu, ananyonya kidole. Huyo ndiye niliye naye. Huyu mkubwa sina."

Mama aligeuka akaanza kufungua sanduku la bati. Bibi akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Basi sema kitu, mjukuu wangu," akaniambia. "Nianze kukuzoea kwa sauti."

Nilitaka kumwamkia. Nilitaka kumwambia jina langu, darasa langu, chochote. Nikalia, kwa sauti kubwa, mbele za watu, na hiyo ndiyo sauti aliyoanza nayo.