Mteja wa Mioyo ya Ng'ombe

Kila Jumatatu asubuhi, mtafiti wa magonjwa ya moyo huingia kwenye bucha lililo nyuma ya chuo na kununua mioyo sita ya ng'ombe. Hali hata mmoja. Huipeleka maabara, akaiunga kwenye pampu ya maji na kutazama vali, yaani vile vijilango vya ndani, zinavyofunguka na kujifunga. Anatafuta mshono wa kuziokoa zikiharibika. Hii ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana. Mama yake huwaambia majirani kuwa binti yake ni daktari, kisha hubadilisha mazungumzo haraka.

Mwenye bucha humwita Mama Mioyo. Jumatatu moja mtafiti alimkuta ameketi kwenye kreti akihema, paja la ng'ombe likiwa bado sakafuni.

"Umechoka, kaka?"

"Uzee, Mama Mioyo."

"Wewe mdogo kwangu."

"Basi huyu ng'ombe alikuwa mnene."

Mtafiti alimsikiliza kifua palepale. Vali moja ilikuwa haifungi. Damu ilikuwa inarudi ilikotoka. Alimwambia aende kliniki kabla moyo haujashindwa kabisa. Mwenye bucha akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

Jumatatu ya tatu mtafiti hakuhubiri. Aliazima kisu, akaufungua moyo mmoja juu ya meza ya nyama na kuujaza maji. Vali ikajifunga, maji yakatulia. Akaikata ukingo, akamimina tena. Maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni.

"Wako uko hivi," alisema.

"Mimi nimekuja kununua maini," alisema yule mama.

Mwenye bucha aliyatazama maji. "Sasa huyu ng'ombe aliishije?"

"Wake ulikuwa mzima. Nimeuharibu mimi sasa hivi."

"Na wangu kauharibu nani?"

"Maradhi ya koo, ulipokuwa mtoto. Hayakutibiwa, yakashukia moyoni."

Mwenye bucha akajifuta mikono kwenye aproni. "Utanishona wewe?"

"Sijawahi kumshona mtu aliye hai."

"Afadhali umesema."

Alimfungia yule mama maini yake, akateremsha mlango wa bucha, wakaondoka. Kwenye ngazi za kliniki alipumzika mara mbili, akisingizia viatu. Muuguzi wa mapokezi aliwatazama: mwanamume kwenye aproni, mwanamke mwenye damu mpaka viwikoni.

"Mgonjwa ni yupi?"

Mwenye bucha akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.