Ndege Yenye Tumbo la Kahawia

Nakumbuka siku ile ya kiwanjani Basotu kila ninaponusa oili ya injini, mwanangu, na jana umenirudisha palepale. Ulisema ndege mpya ya kituo chenu cha kubeba wagonjwa ipakwe kahawia chini ili tope lisionekane. Nilishtuka hata chai ikanimwagikia mapajani. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema kabla hujazaliwa, na mama yako hajakusimulia kwa kunistahi mimi kaka yake.

Wakati huo nilikuwa kijana mwosha ndege kwenye kiwanja cha udongo, kando ya mashamba ya ngano. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubeba wagonjwa, na masika ilitua ikijirushia tope mpaka mabawani. Rubani alipotaka kuipeleka kupakwa rangi upya, alituuliza sisi wa kiwanjani tunashauri rangi gani. Nikadakia. Unazijua nyumba za kwetu Endagikot: juu njano, chini ukanda wa kahawia, mvua ikirusha matope ukuta hauoni aibu. Nikasema ndege nayo ifanywe hivyo. Wote waliniona nina akili, na mimi nikajiona hivyo hivyo. Ikarudi na tumbo la kahawia, na kuosha kwangu kukawa kupitisha tambara tu.

Basi mama yako akashikwa na uchungu, mimba ikiwa yako, nawe umekaa vibaya. Rubani akaitwa. Alitua, akainama kutazama chini ya ndege kama kawaida yake, asione kitu. Tulipombeba dada kumpakia, bibi yako alipenya chini ya bawa ili amshike miguu, na bega lake likasugua tumbo la ndege. Alikuwa amevaa sweta lake jeupe la kanisani. Alipoinuka, bega zima lilikuwa jeusi, linachuruzika.

Akamshika rubani mkono.

"Shikamoo mama. Tuna haraka," rubani alisema.

"Marahaba. Na hii ni nini?"

Nilimwona rubani akibadilika uso. Alipitisha kiganja kwenye tumbo la ndege, kikatoka cheusi. Akafungua kifuniko cha injini: mpira wa kupitishia oili ulikuwa umepasuka akiwa bado angani, na oili karibu yote imemwagika. Alisema tungeruka, injini ingekwama kabla hatujauvuka mlima wa njia ya hospitali. Oili ilikuwa imetapakaa pale mbele yetu, mwanangu, imelala juu ya kahawia yangu, na macho yetu sote yaliipita. Nikakaa kwenye tope.

Mama yako alipelekwa kwa pikapu ya shamba, barabara yote mashimo, mimi nyuma nimemshikilia, nikiamini nimemuua dada yangu. Ulizaliwa hospitali ukiwa kimya. Ukimya ule bado unanitisha usiku mwingine. Kisha ukalia, nami nikalia zaidi yako.

Kesho yake bibi yako aliniita. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Nyumba ikiwa na doa, inabaki palepale na doa lake. Hii inapaa na mwanangu ndani. Wewe ulichagua rangi ya kuipumzisha mikono yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua."



Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa ulioufunika kwa rangi utauzibaje? Kwa hiyo mwambie fundi tumbo liwe jeupe, jeupe la kuudhi, tone moja likidondoka alione hata anayepita njia. Mgongo nao usiwe wa rangi nzito, jua la Hanang litawachemsha wagonjwa wakisubiri. Mkia na ncha za mabawa weka rangi ya chungwa kali, ili ikishuka katikati ya ngano, Mungu apishe mbali, mchunga ng'ombe aione akiwa kilimani. Na ikichafuka, ioshe. Ndiyo kazi.

Sweta la bibi yako ninalo. Doa halikutoka. Nitakuletea ulitundike mlangoni pa kituo chenu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyoogopa tope, na kila mama utakayempakia humo arudi nyumbani akiwa amebeba mtoto anayelia.