Nilikwenda Kujitafuta, Mdogo Wangu Akapokea Posa

Kosa ni langu. Sina wa kumsingizia, hata shetani nimemwacha apumzike.

Mimi ni mzee wa Ngara, katekista mstaafu. Kwenye mafungo ya wazee parokiani, kijana mtoa mada alituambia kila mtu akajitafute: akae peke yake, azime simu, ajiulize yeye ni nani. Wenzangu walisinzia. Mimi, ole wangu, nilisikiliza!

Nikapanda gari hadi Lusahunga, nikaunga kwenda Nyabusozi, kwenye kibanda cha shamba cha rafiki yangu. Nilijua vizuri kwamba Jumamosi hiyo wangekuja wakwe wa binti yangu wa mwisho na pombe ya ndizi ya posa. Mke wangu alinikumbusha hadi mlangoni. Nikamjibu kwamba watanisubiri. Kwetu pombe hiyo hupokelewa na baba. Nani angethubutu kuigusa bila mimi?

Kule nilijitafuta kweli. Nilimkuta mzee asiyejua kuwasha kuni mbichi, anayekimbiza rozari ili awahi viazi, na anayeogopa popo. Nikamshukuru Mungu, nikarudi Jumatatu nikijiona mtu mpya.

Nikakuta mtungi mtupu.

Wageni walikuwa wamekuja, wakauliza baba yuko wapi. Mke wangu hajui kusema uongo. Akawajibu, "Amekwenda kujitafuta."

Mshenga akauliza, "Kwani alipotelea wapi?"

Walicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Kisha mdogo wangu, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, akakalia kiti changu, akashika mrija, akapokea. Na kwetu aliyepokea pombe ndiye baba wa harusi. Nilikwenda kulalamika kwa paroko. Akacheka, akanipa baraka.

Nilimwomba binti yangu msamaha. Akapiga magoti, akaniamkia shikamoo kama kawaida, kisha akasema taratibu, "Baba, hasira zimeisha. Lakini siku ile niliangalia barabara mpaka wageni wakaondoka."

Jamani! Hilo ndilo linaloniuma, kiti si kitu.

Harusi ni baada ya Pasaka. Mdogo wangu ndiye atakayemshika mkono hadi altareni. Mimi nimepewa kazi ya kuwaonyesha wageni pa kuegesha pikipiki, na ninaipokea kwa shukrani.

Wazee wenzangu, msinifuate. Ukitaka kujua wewe ni nani, muulize mke wako. Atakuambia yote, hata yale usiyouliza. Halafu kaa nyumbani, wageni wakija wakukute.