Mwendo wa Saa Mbili

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mji mzima unamwita Saa Mbili. Hata watoto wa shule wakimwona amebeba makopo yake ya rangi humsalimia, "Shikamoo, Bi Saa Mbili," naye huitikia bila kusimama. Jina hilo limetoka kwenye jiwe. Nyuma ya shule, pale nyumba zinapokwisha na uwanda wa juu unapoanza, kuna jiwe jeupe linalonifikia kiunoni, limeandikwa kwa herufi nyeusi zilizonyooka: LANGO LA BAHARI, MWENDO WA SAA MBILI. Herufi ni za mkono wake na mwendo ni wa miguu yake.

Kazi yake ndiyo hiyo. Kutoka jiwe lile mpaka baharini kuna mawe arobaini na moja ya kuonyesha njia, maana uwanda ule hauna mti wala nyumba. Ni vichaka vya magotini, nyasi ngumu na udongo mweusi unaobonyea, na ukungu ukishuka huujui mkono wa kushoto wala wa kulia. Kila baada ya miaka mitatu mawe hupakwa upya. Na kuna sharti aliloachiwa na mzee aliyemfundisha kazi: kabla hujagusa brashi, uitembee njia yote ukiwa na saa mkononi, na itakachosema saa ndicho uandike. Wifi ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne. Kila mara saa imesema mbili kamili, na kila mara amekuja kututangazia mezani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye kiti kimoja tangu nilipoolewa, na watu wakisifia matembezi ya uwandani nilikuwa nawaambia mawe nimeyaona na maji nimeyaona, asanteni. Ukweli niliuficha. Mwaka wa kwanza wa ndoa, miaka kumi na tisa iliyopita, mimi na mume wangu tulifunga chapati na chai ya chupa tukaenda kulitafuta hilo Lango, mwamba wenye tundu ulioko baharini. Saa mbili zikaisha, bahari hatuioni. Tukajikaza kisabuni nusu saa nyingine. Mume wangu akaitazama saa yake, akalitazama tumbo lake la mwoka mikate, akasema, "Mke wangu, sisi si watu wa kutembea." Tukageuka. Hatukumwambia mtu, hasa dada yake, na tangu siku hiyo hatukutembea tena pamoja zaidi ya kwenda sokoni.

Sasa mwaka huu wifi ametimiza sitini na moja, na goti lake la kulia limeanza kumpa salamu. Ofisi ya njia ina kanuni kwamba mpakaji rangi aliyepita sitini lazima aandamane na shahidi, na shahidi atie sahihi kwenye fomu. Akaniita chumbani kwake. Ni chumba kidogo kinachonuka tapentaini, makopo yamepangwa kwa ukubwa, brashi zinaning'inia kwenye misumari, na ukutani kuna vibao vya maduka anavyoviandika miaka ambayo si ya mawe. Alifunga mlango kwanza.

"Wifi, utakuwa shahidi wangu."

"Mimi? Mimi nikipanda ngazi mbili natafuta kiti!"

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Shahidi mwenye mbio atanisema." Akashusha sauti. "Goti hili likinichelewesha, wewe utaandika saa mbili. Umesikia? Wakijua nimezeeka watampa kazi mtu mwingine. Na jina langu je? Nitaitwaje mimi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaona macho yake, nikakubali. Siri ya wifi ni ya kutunzwa, hata kama wifi mwenyewe ana maneno makali kama huyu.

Tulianza saa moja kamili asubuhi. Alikuwa amepiga hesabu ya maji kupwa: tufike saa tatu, tupite chini ya Lango mchanga ukiwa mkavu, tutokee upande wa pili ambako mume wangu angetungoja na gari la mikate. Baada ya saa nne maji yanarudi na njia inafungwa. Kwa hiyo hesabu yote ilisimama juu ya saa mbili za jiwe lake.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilitembea nikitazama visigino vya wifi na kunung'unika. Kisha, kwenye jiwe la kumi na tatu, upepo ukaja na ukungu wote ukainuka kama mtu amevuta shuka. Nilisimama palepale. Pande zote, mbali mpaka macho yanachoka, ardhi ilikuwa ya rangi ya zambarau na kahawia na dhahabu, na madimbwi meusi mamia kwa mamia, kila moja likiwa na kipande chake cha mbingu. Hakuna ukuta, hakuna waya, hakuna sauti. Maisha yangu yote nimetazama vitu vya urefu wa mkono mmoja, sindano na uzi. Sikujua jicho linaweza kwenda mbali hivyo bila kugonga kitu. Niliogopa. Nasema kweli, nilishika kamba za mkoba wangu kama nitaanguka.

"Twende," wifi akasema. "Hapo ni uwanda tu."

Mbele kidogo tulilikuta jabali kubwa kuliko nyumba yetu, limekaa juu ya vijiwe vitatu ambavyo mimi ningeviwekea sufuria. Nilipita chini yake nikiwa nimeinama, nikapapasa tumbo lake lililo baridi. Nani aliliweka? Limekaa hapo tangu lini bila kuporomoka? Nilimuuliza wifi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kusimama hapa. Hapa huwa ni dakika ya arobaini."

Siku hiyo ilikuwa dakika ya sabini. Goti lilikuwa limeshavimba. Alikuwa akikanyaga kwa upande, amebana meno, kila jiwe anaitazama saa na kuifunika haraka kwa mkono wa sweta. Nikamwambia apumzike, akaniambia niangalie njia yangu.

Tulipofika jiwe la thelathini na moja nililitambua. Lina ufa unaokwenda kama mshono mbaya, na pembeni yake kuna bonde dogo ambalo mimi na mume wangu tulikaa kula chapati zetu bila kutazamana. Hapa ndipo tulipogeukia. Nikapanda mwinuko uliokuwa mbele, hatua labda arobaini, na bahari yote ikanipiga usoni.

Ilikuwa pana kuliko uwanda, ya kijani karibu na buluu mbali. Chini kulikuwa na magenge meusi yaliyosimama wima, na mwishoni kabisa Lango lenyewe, mguu mmoja mkubwa wa mwamba umetoka ukutani ukaingia majini, katikati yake kuna tundu ambalo kanisa lingepita na mnara wake. Machozi yalinitoka, na nusu yake yalikuwa ya hasira.

"Wifi," nikasema, "mimi na kaka yako tuligeukia pale."

"Pale wapi?"

"Pale kwenye jiwe la ufa. Mwaka ule tulipooana. Tulishatembea saa mbili na nusu, tukaona aibu, tukarudi. Hatua arobaini, wifi! Kwa sababu jiwe lako lilituambia mtu mzima anafika kwa saa mbili."

Nilidhani atanirushia moja ya zile kali zake. Akasema tu, "Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini? Wewe ungetucheka."

"Ningewacheka," akakubali.

Tukaanza kushuka. Njia ya gengeni ni vipandio vya mawe, na goti halipendi vipandio, kwa hiyo nilitangulia naye akaniegemea begani. Alipoligusa jiwe la mwisho, lililo kwenye rafu ya mwamba karibu na Lango, saa ilikuwa nne na dakika ishirini na tano. Mchanga wa kupita haukuwapo tena. Aliyeandika mawe yote yale alikuwa amekwamishwa na maandishi yake mwenyewe.

Ningemtania, lakini wakati huohuo bahari iliingia Langoni. Ilianza kwa mngurumo tulioukalia kabla ya kuusikia, mwamba ukitetemeka chini ya mapaja yetu. Wimbi likajaa tunduni mpaka juu, likavuta pumzi, na kutoka kwenye ufa wa darini maji yakaruka meupe kwenda mbinguni, juu kuliko genge lenyewe. Jua likayapata huko. Yakasimama. Naapa yalisimama, yenye rangi zote, kisha yakatumwagikia kama mvua. Halafu Lango likatulia, likaanza tena.

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Huwa linafanya hivi?" nikamuuliza.

"Sijui." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi hupita kabla maji hayajaja. Wifi yangu, miaka ishirini na minne nimepita hapa kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sijui hata kitu kimoja cha njia yangu."

Tulikaa hapo, tumelowa chapachapa, na kila mara bahari ilipopanda tulishikana mikono. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha namna ile nikiwa na baridi namna ile. Nilitoa fomu mkobani ili nitimize ahadi yangu, nikashika kalamu. "Niandike saa mbili?"

Akageuka kulitazama jiwe. Jiwe la mwisho nalo lina maneno, ya wanaorudi: MJINI, MWENDO WA SAA MBILI. Alifungua mfuko wake, maana hatembei bila kikopo kidogo na brashi, akakwangua neno la mwisho kwa kisu, polepole, kama anajikwangua ngozi.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Mimi sikusema uongo, miguu yangu ilikuwa hivyo kweli. Lakini leo ningekuwa mwongo. Andika tatu na dakika ishirini na tano. Wakinifukuza, wanifukuze."

Akachovya brashi, akayaandika hayohayo jiweni. Tulirudi kwa njia ileile, na kwenye lile jabali la vijiwe vitatu ni yeye aliyesema tusimame. Mume wangu tulimkuta nyuma ya shule, baada ya kutungoja upande wa pili mpaka mikate ikapoa, akiwa ameshaanza kukusanya watu wa kututafuta.

Kesho yake tulikwenda ofisini. Msimamizi wa njia aliisoma fomu, akaisoma tena, akafunga mlango kama wifi alivyofunga wa chumba chake. Nikasema basi, kazi imekwenda. Msimamizi akajikuna shingo.

"Bi Saa Mbili, nikuambie kitu? Mimi na mke wangu tulitumia saa tatu na nusu. Tuligombana njia nzima, kila mmoja akisema mwenzake ndiye mzito. Sikuthubutu kukuambia." Akavuta droo, akatoa daftari la maoni ya watembeaji. Karibu kila ukurasa mtu alikuwa ameomba radhi: sisi tulichelewa, mama yangu ni mzee, miguu yangu ni mibovu, tulirudi kabla ya kufika. Wifi alisoma kurasa nyingi bila kuketi. Kisha akaliomba lile daftari kwa siku moja akamalizie kulisoma, akaomba na kopo jipya la rangi nyeusi. Kazi bado ni yake.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mume wangu afunge chapati. Alibisha, akataja tumbo, akataja magoti, mwisho akavaa viatu. Nyuma ya shule akasimama mbele ya jiwe la kwanza, rangi haijakauka vizuri, akalisoma kwa sauti: LANGO LA BAHARI, MWENDO WA SAA TATU NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO. Kwenye jiwe la ufa alinipa mkono kabla sijauomba, na zile hatua arobaini tukazihesabu pamoja. Alipoligusa jiwe la mwisho, huku anahema na jasho linamtiririka, aliitazama saa yake, ile ile ya zamani, akageuka na kunitazama.

"Mke wangu," akasema, "tatu na dakika ishirini. Tumewahi."