Mpiga msasa aliyechagua mashua ya mbio

Jua halijapenya vizuri kwenye bati la karakana, na Mama Msasa yuko tayari chini ya mashua, magoti juu ya gunia. Anapiga msasa, anasita, anashusha kitambaa cha uso hadi shingoni, kisha anafumba macho na kulaza shavu kwenye tumbo la mashua. Anatambaa nalo polepole, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Akigundua mkwaruzo anatia alama ya chaki, anakohoa, anaanza tena.

"Viganja vyangu vimeota sugu, havisikii kitu," anasema. "Shavu bado linasikia. Ila shavu halifanyi kazi ukiwa umejifunga uso."

Kazi ndiyo hiyo. Mashua ya mbio inataka tumbo laini kama kioo, la sivyo maji yanaishika na mwenye nayo anarudi wa mwisho. Vumbi linalotoka ni la rangi ya sumu, iliyopakwa ili kome wasing'ang'anie. Na sumu haina macho. Haiulizi kama wewe ni kome au mama wa watu.

Ni mjane mwenye miaka hamsini na ushei, na ujira wake wa kutwa unatosha chakula cha siku hiyo na chai ya asubuhi inayofuata. Chakula cha mchana cha kesho kinangoja kazi ya kesho. Daktari amemwambia waziwazi: pumzi iliyopotea hairudi, lakini akiacha vumbi, iliyobaki inaweza kubaki.

Kuna watu wanapenda wanyonge wawe wasahaulifu. Basi wakumbushwe. Wapiga msasa wa karakana hii waliwahi kudai barakoa za chujio. Walikwenda ofisini kwa adabu, kabla ya kazi ya msimu kuanza, wakaambiwa wasubiri. Walisubiri kweli. Waliotangulia kusema walirudi wakakuta nafasi zao zina watu, na waliobaki wakaletewa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye mashuka makuukuu ya mashua za matajiri. Fundi aliyemfundisha Mama Msasa alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Alikufa akivuta pumzi kama anayenyonya maji kwa mrija uliopasuka. Karakana ilipeleka shada la maua. Fedha ya maua ilipatikana.

Mwezi uliopita tajiri mmoja alikuja na mkewe kuchagua mashua. Mbili zilikuwa zimeinuliwa juu ya magogo, ubavu kwa ubavu. Moja nyembamba, mlingoti mrefu, ndani tupu kama ganda la njugu: ya mbio. Nyingine pana, ina jiko, vitanda na choo: ya safari za starehe. Mume alitaka kushinda, mke alitaka kulala. Mke alisema hakuolewa ili amwagiwe maji ya chumvi mgongoni, na wafanyakazi wakacheka wakiziba midomo kwa viganja.

Lakini kicheko chao kilikuwa na mwiba. Nyapara alishawaambia: ile ya mbio hutolewa majini kabla ya kila shindano, kwa hiyo wapiga msasa wangebaki msimu mzima. Ile ya starehe huguswa mara moja kwa mwaka, na wao wangerudi makwao.

Mdogo wake Mama Msasa, anayepiga msasa naye na ambaye wenzao humwita Kicheko kwa sababu hacheki, aliomba ichaguliwe ile pana. "Dada, njaa utaiombea kwa jirani," alimwambia. "Pumzi utaiomba kwa nani?"

Tajiri, alipochoka kubishana na mkewe, alimgeukia mwanamke aliyejaa vumbi hadi kwenye kope akamuuliza yeye angechukua ipi. Nyapara alimkata jicho.

"Ile pana ni nyumba, na nyumba mnayo," Mama Msasa akajibu. "Hii ndiyo mashua."

Tajiri alifurahi, na mke akaenda kukaa garini. Nyapara alimwita mwanamke wa maana. Kicheko alimtangulia dada yake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jioni, wakimenya viazi, Mama Msasa ndipo alipofungua moyo. Alisema ile pana isingejua kama wao wapo duniani. Ingeelea na magugu yake tumboni, na watu wangelala humo usingizi mnono. Hii nyembamba haiendi popote bila wao, na tajiri ameshawatambia rafiki zake.

"Zamani tulikosea," alisema. "Tulidai kabla hatujashika kazi. Mashua ilikuwa nzima, wakaleta wengine. Safari hii tunadai katikati."

Mashua iliyovuliwa rangi nusu hairudi majini, na huwezi kuihamishia kwa fundi mwingine shindano likiwa limekaribia. Leo upande wa kushoto umekwisha. Utakaposoma haya, msasa utakuwa umewekwa chini, na Mama Msasa atakuwa ameketi juu ya gunia lake akitaka barakoa za chujio na feni ya kunyonya vumbi. Kati ya wenzao, wawili wamekubali. Wengine wanatazama vidole vya miguu, na nani atawalaumu? Wanamkumbuka yule fundi.

Anachotumaini si kikubwa. Anataka kupanda kilima cha kwao huku akiongea, bila kuegemea ukuta wa mtu.

Kicheko haamini kama watapewa kitu. Anadhani watafukuzwa kabla ya saa sita. Hata hivyo atakaa.

"Dada maneno anayo," anasema, akikung'uta vumbi kwenye kanga ya dada yake. "Pumzi ya kuyasema ndiyo hana. Nitayasema mimi."