Jiwe la Mama Upande wa Kwenda Mjini

Harufu ya iliki ikikutana na mafuta ya moto bado hunirudisha Nguvumali, ukingoni mwa barabara, mbele ya jiwe la mama. Aliliweka mwenyewe, kando ya karai lake la vitumbua. Kila asubuhi baiskeli zilimiminika kuelekea mjini, watu wakienda sokoni, bandarini na maofisini. Mwenye njaa alikanyaga lile jiwe kwa mguu mmoja, akala vitumbua vyake juu ya tandiko bila kushuka, kisha akapiga kengele ya kuaga.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la sita, nikarithi karai. Tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu Mwanaidi, wa miaka mitano. Shangazi yetu, aliyeolewa Pemba, aliniambia baada ya arobaini, "Jaribu, mwanangu. Ukishindwa, namchukua mdogo wako."

Mwaka wa kwanza tulikula tukashiba. Kisha stendi ya mabasi ikahamia nje ya mji, maghala yakaifuata, watu wakaanza kujenga hukohuko. Asubuhi kengele zikawa zinalia upande wa pili wa barabara, zikitoka mjini. Kwangu walipita wachache, tena wameshakunywa chai. Vitumbua vikarudi nyumbani. Tukavila mchana, tukavila jioni, hadi Mwanaidi akaniuliza kama wali umekatazwa.

Mzee Mbwana, fundi seremala, alikuwa mteja wa mama tangu zamani. Siku moja alinipigia kelele kutoka ng'ambo, yuko juu ya baiskeli yake.

"Ewe binti! Huko unamkaangia nani, kunguru? Vuka!"

"Hapa ndipo pa mama!"

"Mama yako angekuwa keshavuka zamani!"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nilimwona hana adabu, anamtaja marehemu kwa mzaha. Kesho yake niliamka mapema zaidi, nikakaanga vingi zaidi, palepale.

Shangazi alikuja mwezi uliofuata. Alimtazama Mwanaidi alivyokonda, wala hakugomba. Alimfunga mtandio, akamshika mkono, wakaondoka.

Wiki ileile, kwa hasira zaidi kuliko akili, nilibeba karai nikavuka. Vitumbua vikaisha jua halijakausha umande. Ng'ambo yenyewe ni hatua kumi na mbili.

Nilidhani nalinda mahali pa mama. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa na mahali. Alitazama magurudumu yanaelekea wapi, akaenda kuweka jiwe huko. Yule mzee alikuwa akimsifu.

Mwanaidi sasa ni mwalimu Pemba, na anayemwita mama ni shangazi. Mwaka jana alikuja kunitembelea. Alisimama nje ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, akapiga hodi, akangoja hapo mpaka nilipomkaribisha.