Barua Niliyoipamba

Ujinga wangu mkubwa kuliko wote niliufanya kwa Kiingereza. Leo nimelamba gundi ya bahasha, nikamkumbuka mama mmoja, jirani yetu kule Ganda, aliyeniomba nimwandikie mfadhili wake Mzungu kwamba mwanawe anahitaji kupasuliwa moyo.

“Sema hali yake ni mbaya, mwanangu, basi.”

Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitoa alama kwa kila kivumishi na kielezi kizuri. Nami, bingwa wa darasa la sita, nikaandika kuwa ni mtoto mchangamfu, anayeumwa kwa utulivu na kucheka kwa furaha, hata haja ya kupasuliwa ikapotea humo.

Mfadhili akajibu kuwa amefurahi mtoto anaendelea vizuri.

Siku ya mazishi jirani akanishika mkono, akasema: “Nilikutuma useme mwanangu anakufa, wewe ukamsifu.”